Pua ya Marijani

Marijani alimwona Rahim akijinusa kwapa mlangoni mwa mgahawa, akajua riziki yake ya mwezi imekuja kwa miguu yake yenyewe.

Ilikuwa mchana, mtaa wa Xiaobei, kwenye ule mgahawa wa halali ambao Waswahili wa Guangzhou hupita kula wali na kutiana uongo. Rahim alisimama nje, akanusa kwapa la kulia, akanusa la kushoto, akajifuta jasho, akaingia. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya Kazija, akamsalimia. Kazija akaitika bila kuinua macho kwenye simu. Rahim akarudi kukaa peke yake kama mtoto aliyenyimwa andazi. Yote hayo Marijani aliyaona kabla chai yake haijapoa.

Tuwajue watu hawa kwanza, maana mzazi akisimuliwa mkasa lazima aulize huyo mtoto ni wa nani.

Rahim ni kijana wa Tanga, mwana wa Bi Shifa mwenye duka la nguo Ngamiani. Duka lilikuwa limebaki rafu na vumbi. Bi Shifa akakusanya alichokuwa nacho na alichoazima kwa dada zake, akamtuma mwanawe China akalete madera ya Idi. Mzigo ukifika kabla ya Idi, duka linasimama. Usipofika, Bi Shifa anafunga mlango na ufunguo anamrudishia mwenye nyumba. Huo ndio mzigo aliobebeshwa kijana aliyekuwa akijinusa kwapa. Mama mtu usingizi haumpati, anamwombea mtoto dua, kumbe mtoto anawaza manukato.

Kazija ni mwanamke wa Unguja, wakala wa mizigo. Wafanyabiashara wadogo wasioweza kujaza kontena peke yao huchangia lake. Kila mmoja huleta marobota yake kwenye godauni, na kila robota huandikwa maki kwa wino mzito, yaani herufi za mwenyewe. Pale godauni maki ndiyo mdomo wa mzigo. Robota likiandikwa jina lako ni lako, hata kama ndani mna meno ya babu yangu.

Marijani yeye hakuwa na robota, duka wala kazi. Alikuwa na suti moja, Kichina cha kuombea punguzo, na ulimi uliopakwa samli. Alijiita mshauri wa biashara. Mshauri ni mtu anayekula chakula chako huku akikufundisha kupika.

Basi akabeba kikombe chake, akahamia meza ya Rahim.

"Mdogo wangu, hilo kwapa halina kosa."

Rahim alishtuka. "Kwapa gani?"

"Unaoga mara ngapi kwa siku?"

"Asubuhi na jioni."

"Ndiyo shida yako. Unajiosha mvuto." Marijani akavuta kiti. "Mwanadamu ana kitu kwenye jasho. Hakinuki, lakini pua ya mwenzio inakijua. Ndicho kinachomwambia huyu mwanamume, huyu mwanamke, huyu mpende, huyu mpite. Wazungu wamekipima. Umewahi kuona nondo dume akimtafuta jike? Anamfuata kwa harufu, mbali huko."

"Mimi si nondo, kaka."

"Si nondo, lakini taa unaizunguka." Akaelekeza kidevu upande wa Kazija.

Rahim akanyamaza. Mtu akinyamaza mbele ya tapeli ameshaweka saini.

Sasa, mimi sikusoma hadi huko kwenye maabara, na aliyesoma atanisahihisha. Lakini nilivyosikia ni kwamba nondo kweli huvutana kwa harufu, na nguruwe pia. Kwa binadamu, wataalamu wenyewe wamebishana. Wako waliopima wakasema kitu hicho kipo, tena ukikinusa unaweza kumdhania anayetembea ni mwanamume au mwanamke. Wakaja wengine wakapima tena, hawakuona kitu. Mabishano ya wataalamu ni shamba la matapeli. Wao wakisema "labda", Marijani anauza "hakika".

Kesho yake alileta chupa mbili ndogo, moja kifuniko buluu, nyingine kifuniko chekundu. Buluu ni ya kiume, alisema, nyekundu ya kike. Zote mbili alizijaza kutoka dumu moja: maji ya bomba, spiriti kidogo, na mafuta ya karafuu ili mteja asilalamike kwamba ananunua maji.

Pembeni alikuwepo Austin, Mkenya wa Nairobi anayenunua viatu barabara ya Zhanxi. Marijani akamwita awe shahidi. Akafungua simu, akaonyesha video ya vidoti vyeupe kwenye kiza. Vidoti vilikuwa vikitembea, mabega, magoti na vifundo, lakini mtu mwenyewe haonekani.

"Nusa nyekundu hii, ya kike. Haya, tazama. Humuoni mwanamke anavyoringa? Kiuno hicho."

Austin akainamisha kichwa. "Buda, huyo ni msupa. Tena anajua anaangaliwa."

"Sasa buluu. Vuta pumzi. Umeona mabega ya kibaunsa yale?"

"Aki huyu ni jamaa. Anatembea kama landlord."

Rahim naye akaona mwanamke, akaona mwanamume. Video ilikuwa ileile, vidoti vilevile, na hatua zile zilitengenezwa zisiwe za kiume wala za kike. Lakini hakuna aliyeuliza kwa nini Marijani husema kwanza kitu cha kuona ndipo wao wakione. Pua ikitangulizwa na maneno hunusa maneno.

Rahim akaondoka na chupa ya buluu. Asubuhi yake alijimwagia yote, akaenda soko la nguo la Shahe kununua marobota ya mwisho. Pale Shahe watu wanapigana vikumbo, mikokoteni inakukanyaga visigino na huombwi radhi. Rahim akatembea katikati yao kwa kifua mbele akingoja kupendwa.

Mwenye duka wa kwanza, mama mmoja mnene mwenye huruma, laobanniang kama wanavyoitwa huko, alimnusa, akaweka kiganja kwenye shavu lake mwenyewe, akamnyooshea kidole mdomoni. "Ya tong?"

Rahim hakuelewa. Duka la pili, kiganja shavuni. Duka la tatu mama mmoja akamfungua taya kabisa amtazame. Ndipo msukuma mkokoteni aliyepita akacheka, akamfanyia ishara ya kung'olewa jino. Pale karafuu ni harufu ya daktari wa meno.

"Wote wameniuliza kama jino linauma," Rahim alimlalamikia Marijani jioni.

"Na kawaida Shahe wanakuuliza nini?"

"Hawaniulizi kitu. Wanasema mei you, hakuna, nenda."

"Leo wanawake watatu wamekuonea huruma. Huruma ndiyo kaka yake mapenzi, mdogo wangu. Dawa imeanza, ila imeanzia mbali." Marijani akakaa karibu. "Halafu wewe unawaza mtu mmoja tu. Mama yako je? Fikiria madera yakiwa na mvuto. Mteja ameingia Ngamiani kuuliza bei, mwili wake unakataa kutoka. Majirani wanauza nguo, nyie mnauza mapenzi. Nipe marobota yako niyafukize."

Hapo tapeli alipata mlango ambao mwenye nyumba mwenyewe aliufungua. Mtoto anayempenda mama yake utamdanganya kwa jina la mama yake kuliko kwa jina lolote. Wazazi, lishikeni hilo.

"Yatakuwa tayari kabla ya kontena la Kazija kupakiwa?" Rahim aliuliza.

"Yatawahi. Ila sharti moja, usiyakaribie. Jasho la mwenyewe linavuruga dawa. Na unitumie sauti kwenye simu kwamba umenikabidhi, vijana wangu wa stoo wasije wakadhani nimeiba."

Vijana wa stoo hawakuwepo. Stoo yenyewe ilikuwa chini ya ngazi. Rahim akabonyeza simu, akasema kwa sauti safi ya mtoto aliyelelewa vizuri: "Kaka Marijani, marobota yangu yote nimekukabidhi. Ni yako, fanya unavyoona inafaa."

Marijani aliisikiliza mara mbili kwa raha, kama mtu anayesikiliza jina lake redioni.

Hakufukiza kitu. Aliyavisha marobota magunia mapya juu ya yale ya zamani, akaandika maki yake kwa herufi kubwa, na kwa kuwa chupa nyingi zilikuwa zimebaki, akazichomeka katikati ya madera akauze na huko nyumbani. Mpango ulikuwa mwepesi. Mzigo uende kwa jina lake, ndugu yake Kariakoo aupokee, na Rahim aambiwe meli imechelewa hadi achoke kuuliza.

Kontena lililokuwa likiwahi Idi lilikuwa moja tu, la Kazija. Hakuogopa. Maki yake, sauti anayo, na mwenye mzigo kakatazwa kukaribia.

Alichosahau ni kwamba mama hakukatazwa kupiga simu.

Bi Shifa alipiga China siku ya kupakia, asubuhi, kwa Kazija. Walishajuana kwa mizigo ya nyuma. "Mwanangu, niangalizie madera yangu kama yameshapanda. Rahim nikimuuliza ananijibu mambo ya pua. Yule ana moyo mwema, lakini akili bado za kuazima."

Kazija akamwita Rahim godauni. Rahim akaeleza kila kitu kwa fahari, chupa, vidoti, mvuto, na ile sauti aliyotuma. Kazija alimsikiliza akiwa na barakoa usoni, mkononi chupa ya chai ya tangawizi, sauti yake ikitoka nzito kama mtu anayesemea ndani ya mto.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, dada."

"Hebu kakae nyuma ya maboksi ya viatu ya Austin. Nisikusikie mpaka nikuite."

"Nitavuruga dawa, dada."

"Kaivuruge."

Marijani akaja na mkokoteni, suti imepigwa pasi. Wachangiaji walikuwepo, kila mtu akilinda mzigo wake: Austin na viatu, Loyce wa Mwanza na nguo zake za watoto, na wengine. Marobota yenye maki ya Marijani yakashushwa karibu na mzigo wa Loyce.

"Marijani, umeanza biashara lini?" Kazija akauliza.

"Mungu akitaka kukupa hapigi hodi, Bi Kazija."

"Haya marobota ni ya nani hasa?"

Marijani alikuwa ameshajiandaa. Akatoa simu, akaipandisha sauti, na godauni zima likamsikia Rahim akisema ni yako, fanya unavyoona inafaa. Nyuma ya maboksi ya viatu kitu kikaguna. Kazija akakohoa kukifunika.

"Kweli, ni yako. Jamani, kila mtu kasikia mzigo ni wa Marijani?"

"Tumesikia," wakasema.

Kazija akainama kukagua, kama anavyokagua mizigo yote. Robota la madera ukilibonyeza hubonyea kama godoro. Hili likalia ko. Akabonyeza tena. Ko, ko. Akatulia hapo kidogo, mkono juu ya gunia. Halafu akainuka polepole, akarudi nyuma, akamshika Austin mkono wa shati.

"Austin, unaisikia hiyo harufu, au ni mie peke yangu?"

Austin akanyoosha shingo, akavuta pumzi. "Iko kitu... eeh, iko. Kama betri imemwagika."

"Betri?" Loyce akasogea. "Mimi naona kama panya kafia humo."

"Ni gesi hiyo," akasema mwingine kule nyuma, ambaye hata robota hakuliona. "Mimi kichwa kimeshaanza kugonga."

Betri, panya na gesi. Hakuna aliyeona ajabu kwamba kitu kimoja kinanuka mambo matatu. Wakafunika pua kwa kanga, kwa kola, kwa mikono. Mmoja akakaa chini kabisa, akaomba maji.

"Na nguo zangu za watoto ziko hapohapo pembeni," Loyce alisema, na sauti yake haikuwa na mchezo. "Zikishika hiyo kitu nani atamvisha mwanawe?"

"Kanuni tunaijua," Kazija akajibu. "Kitu cha majimaji hakipandi kontena hili. Kikipandishwa kwa siri kikavuja, mwenye mzigo ndiye atakayefidia wenzake wote, na hatapakia tena kwangu wala kwa wakala yeyote mjini hapa. Bahati nzuri mwenye mzigo tunaye, na amejitaja mwenyewe."

Macho yote yakamgeukia Marijani.

Marijani akacheka. "Mnajitia maneno puani. Hakuna harufu."

Alisema hivyo, na hapo hapo akazikumbuka chupa. Alizichomeka kwa haraka. Baadhi ya vifuniko alivikaza kwa vidole viwili. Na mkokoteni ulirukaruka njia nzima. Alivuta pumzi kidogo ajihakikishie, na pua ile, iliyotumika muda wote kuwadanganya wenzake, ikamgeuka. Akanusa. Kwanza spiriti, halafu kitu kikali, halafu kitu ambacho hakuwa amekitia dumuni hata kidogo. Macho yakamwasha. Koo likamkwaruza.

"Unanusa sasa?" Kazija akamuuliza taratibu.

"Huu mzigo si wangu."

"Maki yako."

"Maki anaweza kuandika yeyote. Kalamu inauzwa kila kona."

"Na ile sauti?"

"Kasema amenikabidhi. Mimi nilikubali lini? Mmewahi kunisikia nikikubali?" Jasho lilikuwa likimtoka sasa, lile lile analowauzia watu.

"Basi itie kwenye grupu, wote waisikie. Wewe si mtu wa sauti kwenye simu?"

Marijani akabonyeza WeChat, na katika grupu la wachangiaji wa kontena akasema, tena kwa kiapo: "Marobota haya ya madera, yenye maki yangu, mimi siyajui, si yangu, na sitayadai leo wala kesho, hapa wala Dar."

Simu zote za godauni zikalia ting kwa pamoja.

"Ahsante," Kazija akasema. "Mzigo hauna mwenyewe. Yupo anayeudai?"

Rahim akatoka nyuma ya viatu, kaloa jasho. "Ni wangu, dada. Wangu na mama yangu."

"Na harufu yake unaipokea?"

"Naipokea. Mimi naisikia tamu tu."

Marijani alipomwona akafumbua mdomo. Kazija tayari alikuwa ameshapitisha kisu kwenye gunia jipya. Chini yake lilikuwepo gunia la zamani lenye maki ya Rahim, na ndani yake madera makavu, yanayong'aa, na katikati chupa za vifuniko buluu na vyekundu, zimekaa kimya, hata moja haijavuja tone.

Watu wakashusha kanga na kola. Austin akanusa tena, safari hii kwa uangalifu. Akamtazama Loyce. Loyce akatazama dari. Yule aliyekaa chini akainuka, akajipangusa suruali, akasema maji hayo hayakuwa ya lazima.

"Kwani ile ilikuwa nini?" Austin akauliza.

Marijani alishafika mlangoni, na suti yake ilikuwa imeshaingia mikunjo yote.

Madera yalipakiwa siku hiyo hiyo. Chupa zilimwagwa kwenye karo la choo cha godauni, na choo kile, nasikia, hakijavutia mtu yeyote zaidi ya mwanzo. Bi Shifa alipigiwa simu akalia, si kwa huzuni. Duka lake lilifunguliwa Idi, mlango wazi, na wateja walivutwa na kilekile kinachowavuta siku zote, rangi nzuri na maneno ya mama muuzaji.

Kontena lilipofungwa, Rahim alibaki nyuma. Alikuwa ameficha chupa moja ya buluu mfukoni, akajipaka shingoni, akamfuata Kazija aliyekuwa akijaza karatasi za mzigo.

"Dada Kazija, sasa nimeamini. Watu wote godauni walisikia mzigo unanuka vibaya. Wewe peke yako ulivutwa ukaja upande wangu. Ile dawa inafanya kazi."

Kazija akaweka kalamu chini. Akashusha barakoa. Pua ilikuwa nyekundu kama pilipili. Akatoa leso, akapenga kwa muda mrefu, kwa sauti, bila aibu yoyote.

"Rahim," akasema, "mie nina mafua tangu nimerudi Shahe. Mtu anifukizie udi wa Unguja nzima, sisikii kitu. Mama'ko ndiye aliyenivuta. Kwa simu."

Rahim akairudisha chupa mfukoni.

"Basi," akasema, "mafua yakiisha nitakuja tena."

Mwacheni, atakua. Wazazi wenye wana huko ughaibuni, mimi nawaomba jambo moja. Mtoto asipokuelewesha mzigo uko wapi, piga simu kwa mtu mzima aliye karibu naye, tena leo. Usingoje akili yake irudi, maana matapeli hawaingoji.

Na Marijani naye, baada ya siku kadhaa, alionekana Xiaobei. Ile suti alikuwa ameshaipeleka kwa dobi mara ya tatu, na bado alikuwa na hakika inanuka. Alisimama mlangoni mwa mgahawa, akatazama huku na huku, akanusa kwapa la kulia, akanusa la kushoto.

Ndani, kwenye meza ya pembeni, mgeni mmoja aitwaye Pandu, mwenye viatu vilivyong'arishwa na ambaye hakuna aliyejua anafanya kazi gani, alimwona. Akakiacha kijiko. Akavuta kiti cha pili, akakipangusa vizuri kwa mkono, akaanza kutabasamu.